Mali Bila Daftari

Alhamisi moja ya mwisho wa Juni nililidanganya daftari langu mwenyewe. Niliandika kwamba nimefanya mazoezi ya piano dakika 30, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimefanya dakika 12. Daftari hilo hasomi mtu. Mwalimu wangu hajawahi kuliomba, ofisini hawajui kama lipo, na siku nikiondoka duniani nadhani karatasi zake zitafungiwa maandazi. Hata hivyo zile dakika 18 zimenisumbua kuliko makosa kadhaa niliyowahi kuyafanya gazetini mbele ya maelfu ya wasomaji. Hapa nataka kujiuliza kwa nini.

Nianze mwanzo. Nilianza kujifunza piano Januari, nikiwa na miaka 36. Kusema piano ni kujipendelea kidogo. Ni kinanda cha umeme chenye vitufe 61, nilichokinunua mkononi mwa mtu pale Kariakoo. Piano kamili ina vitufe 88, lakini vile 27 vilivyopungua sijawahi kuvihitaji, na kwa mwendo wangu sitavihitaji hivi karibuni. Utotoni niliimba kwaya, tukisoma do-re-mi zilizoandikwa ubaoni kwa chaki, na mpiga kinanda nilikuwa namwona kama rubani wa ndege. Nilijiambia nikiwa mkubwa nitajifunza. Nikawa mkubwa, nikajifunza mambo mengine. Siku moja nikagundua kwamba nikiendelea kusubiri huo ukubwa, utaisha.

Mwalimu wangu ni mpiga kinanda wa kwaya, amenizidi kama miaka kumi. Tunakutana Jumamosi kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Haandiki kitu. Anakaa pembeni, anafumba macho, anasema, "Haya mdogo wangu, piga nisikie." Basi.

Mimi lakini siwezi kuishi hivyo. Mimi ni mwandishi wa habari, na siku hizi chumba cha habari kinaendeshwa kwa namba. Ukutani kwetu kuna skrini inayoonyesha habari ipi inasomwa na watu wangapi dakika hii hii, na nani ameandika nini wiki hii. Nimeizoea mpaka nahisi kitu kisichohesabiwa hakijatokea. Kwa hiyo siku ile ile niliyonunua kinanda nilinunua na kaunta buku. Wahenga hawakusema mali bila daftari hupotea bila habari?

Nikapanga malengo ya kila mwezi. Januari: skeli ya C, mkono wa kulia kisha wa kushoto, mapigo 60 kwa dakika. Februari: skeli hiyo hiyo, mikono yote miwili. Machi: koda tatu na kuzibadilisha bila kuangalia vidole. Chini ya kila lengo nikaweka jumla ya muda, saa 12 kwa mwezi, yaani nusu saa kila siku, siku sita kwa wiki. Siku iliyotimia niliichora kiboksi na kukipaka rangi ya kijani. Na kila siku ya mwisho ya mwezi nilijirekodi kwa simu.

Sitaki kulisema vibaya daftari hilo, kwa sababu lilinisaidia kweli. Mtu mzima anayejifunza piano ana shida moja ambayo mtoto hana: anajua wimbo unavyotakiwa kusikika. Sikio langu lina miaka 36, vidole vyangu vilikuwa na miezi mitatu. Kila siku nilikaa pale nikisikia umbali kati ya viwili hivyo, na kila siku nilitaka kuacha. Kilichonizuia kuacha ni rekodi ya Januari. Niliisikiliza mwezi Aprili, nikacheka peke yangu kwenye daladala. Skeli ilikuwa inachechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Bila rekodi ile ningeapa kwamba sijasogea hata hatua. Kumbukumbu yetu ni shahidi mbaya, hasa mtu anaposhuhudia juu ya nafsi yake.

Mwezi Aprili Mwalimu alinipa kipande changu cha kwanza cha kweli, ile minueti ndogo ya G ambayo karibu kila anayejifunza piano duniani hupitia. Kwa miaka mingi ilijulikana kama kazi ya Johann Sebastian Bach, hadi miaka ya 1970 wataalamu walipobaini kuwa mtunzi wake ni Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden. Jina la Bach liliigandia kwa sababu ilikutwa ndani ya daftari la mke wake, Anna Magdalena, aliyekuwa mwimbaji. Daftari lenyewe ni la mwaka 1725. Ndani yake kuna vipande vilivyonakiliwa kwa mkono, vingi kwa mkono wa Anna Magdalena mwenyewe, na vimo pia vile vya mwanzo vya mtoto wake wa kambo, Carl Philipp Emanuel, aliyekuja kuwa mtunzi mkubwa. Ni daftari la nyumbani: mama, watoto, na muziki wa jioni. Wakati huo habari hii niliisoma kama kionjo tu, nikaipita. Nitairudia.

Minueti hiyo imegawanywa katika vipimo 32, na kila kipimo kina mapigo matatu. Hapo ndipo daftari langu lilipoanza kunigeuka. Mei niliandika: vipimo 16 vya kwanza, mapigo 80. Nikatimiza. Juni nikaandika: wimbo mzima, mapigo 100. Kipimo cha 20 kikanishinda. Mkono wa kushoto ulikataa kabisa. Sasa, ukiwa na lengo la namba na kipimo kinachokukatalia, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukaa na kile kipimo kimoja, polepole, dakika 30 nzima, na usiwe na kitu cha kuandika. Ya pili ni kurudi kwenye vile 16 unavyovijua, uvikimbize kwa mapigo 100, upate cha kuandika. Nadhani unajua nilichagua ipi.

Mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, aliandika jambo la namna hii mwaka 1975 kuhusu sera ya fedha, na tangu hapo watu wamelitumia kila mahali: kipimo kikishafanywa kuwa shabaha, hakipimi tena vizuri. Kwenye chumba cha habari tunalijua hilo bila kusoma uchumi. Ukimlipa mwandishi kwa idadi ya wasomaji, utapata vichwa vya habari, hutapata habari. Nilikuwa nimejigeuza mwajiri wa aina hiyo, na mwajiriwa wake pia.

Mwalimu alinigundua Jumamosi moja. Badala ya kuniacha nianze mwanzo, aliweka kidole katikati ya ukurasa. "Anzia hapa." Nikashindwa. Sikuweza kuingia wimbo kwa mlango mwingine isipokuwa ule niliozoea kuonyesha wageni. Nikaanza kumweleza kuhusu malengo yangu, mapigo 100, saa 12. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mpole. Kisha akasema, "Mdogo wangu, kidole hakisomi daftari."

Sasa ile Alhamisi. Mwezi ulikuwa unaisha na nilikuwa nadaiwa nusu saa. Saa mbili usiku niliingia chumba kidogo, kile chenye mlango unaofungika, nikavaa hedifoni, nikaanza. Dakika 12 nilipiga kweli. Kisha simu ikawaka: kundi la kazini, mabishano kuhusu mpira. Nikajibu moja, nikacheka, nikajibu ya pili. Nilipoinua macho ilikuwa saa mbili na dakika 30. Nikachukua kaunta buku, nikaandika "30", nikapaka kijani. Jumla ya mwezi: saa 12 kamili.

Nikatoka. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na bafu, mtoto mapajani, uji umemwagika kwenye khanga yake. Mtoto alikuwa amegoma kula na ilibidi aogeshwe mara ya pili. Mke wangu akaniuliza tu, wala si kwa ukali, "Leo umepiga kidogo, eti?"

"Nusu saa," nikasema.

"Haya," akasema.

Hiyo "haya" nililala nayo.

Tukae kwenye swali lenyewe. Kuna ubaya gani kulidanganya daftari ambalo hakuna anayelisoma? Jibu rahisi ni kwamba hakuna. Uongo unahitaji mtu wa kudanganywa. Hapa nilikuwa peke yangu. Nikijiandikia 30 badala ya 12, hasara ni yangu, vidole ni vyangu. Kant hakukubali jibu hilo. Katika maandishi yake ya mwaka 1797 kuhusu maadili, anauhesabu uongo wa ndani, ule wa mtu kujidanganya mwenyewe, kuwa uvunjaji wa wajibu alio nao mtu kwa nafsi yake. Nilimsoma chuo kikuu nikamwona mkali, na nilipomrudia mwezi Julai bado nilimwona mkali. Anasema kweli, ila ananiacha peke yangu chumbani na dhamiri yangu, na mimi nilihisi tatizo langu liko upande wa pili wa mlango.

Zilipita kama siku kumi. Jioni moja, mtoto amelala, nikamwambia. Nilidhani namwambia siri.

"Nilijua," akasema. "Vile vitufe vinagonga. Wewe una hedifoni, hujisikii. Sisi huku tunasikia tak tak tak. Vikigonga najua unajifunza. Vikinyamaza najua uko kwenye simu."

Miezi sita nilidhani nafanya mazoezi kimya, kumbe nyumba nzima ilikuwa na kumbukumbu yangu, tena sahihi kuliko yangu.

Ni lazima niseme kwamba mke wangu ni mhasibu. Amebakiza mitihani miwili ya bodi ili apate cheti chake, na hajaifanya tangu mtoto azaliwe. Vitabu vyake vipo kwenye kile kile chumba kidogo, chini ya kinanda. Nimeviona kila jioni. Nilikuwa naviegemezea mguu.

Akaniomba aone daftari. Akalipitia kama anavyopitia vitabu vya watu kazini, kidole kikishuka na safu. Halafu akaniambia kitu ambacho hakukikusudia kuwa falsafa. "Hili ni la upande mmoja," akasema. "Umeandika ulivyotumia. Hujaandika ulikotoa."

Wahasibu wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1494 kule Venice, mtawa mmoja mwanahisabati, Luca Pacioli, alichapa kitabu kilichoeleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu zao. Hakuibuni yeye, aliiandika ili wengine wajifunze. Kiini chake ni chepesi: kila ingizo lina pande mbili. Hakuna fedha inayotokea hewani. Kama kuna mahali imeingia, kuna mahali imetoka, na pande hizo mbili lazima zilingane. Daftari lenye upande mmoja linaweza kuwa safi, limepakwa kijani kuanzia juu hadi chini, na bado likawa halisemi kweli.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanisumbua. Zile dakika 30 hazikuwa zangu. Mtoto anayejifunza piano ana muda wake. Ndiyo kazi ya utoto. Mtu mzima hana dakika ambayo haijatoka kwa mtu. Ili mimi nikae kwenye kinanda nusu saa, mtu mwingine alikaa kwenye kigoda nusu saa. Nilipochezea dakika 18 kwenye simu, nilitumia amana kinyume na ilivyokabidhiwa. Na nilipoandika "30" nilikuwa naghushi risiti ya mali ya mtu, tena mtu ambaye angeweza kuzitumia dakika hizo kwa mtihani.

Methali yetu nyingine tunayoipenda ni haba na haba hujaza kibaba. Nilikuwa nimeiandika kwenye jalada la daftari, kwa kalamu nzito. Methali inasifu subira, na ni haki yake. Lakini haisemi haba zenyewe zinatoka ghala la nani.

Al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, ana sehemu nzima katika Ihya kuhusu mtu kuihesabu nafsi yake. Anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara: unawekeana naye masharti, unamchunga, kisha jioni unakaa naye mnafanya hesabu. Mfano huo huwa unachukuliwa kama wito wa ukali, na ukali umo. Kinachonigusa mimi ni neno mshirika. Mtu hufanya hesabu na mshirika kwa sababu kuna mtaji ambao si wa mmoja peke yake. Kwake yeye mtaji huo ni umri wenyewe, na umri mtu amepewa.

Najua kuna atakayepinga. Atasema: ukianza kuandika nani kampa nani dakika ngapi, ndoa inageuka duka la Mangi, kila mtu na deni lake ukutani. Upendo hauhesabiwi. Nimelifikiria hili sana, kwa sababu nami naogopa nyumba ya namna hiyo. Jibu langu ni kwamba inategemea nani ameshika kalamu. Anayehesabu alichotoa anajiandaa kudai. Anayehesabu alichopewa anajikumbusha kushukuru. Mke wangu hakuwa anahesabu. Alikuwa anasikia tu. Mhesabu katika nyumba ile nilikuwa mimi, na nilikuwa nahesabu upande usio sahihi.

Hapo nikakumbuka daftari la Anna Magdalena. Kwa miezi kadhaa nilikuwa natumia wimbo uliotoka kwenye daftari la familia ili kujaza daftari la mtu mmoja. Lile lilikuwa na mikono mingi: wa mke, wa mume, wa mtoto. Langu lilikuwa na mkono mmoja na kalamu ya kijani.

Je, niache kupima? Hapana. Aristotle anatukumbusha katika Maadili kwamba mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na kwamba ni kwa kupiga huko huko wanatokea wapigaji wazuri na wabaya pia. Mazoezi peke yake hayana upande. Namna ya kuyafanya ndiyo inayokujenga au kukuharibu. Miezi ile sita nilikuwa najizoeza minueti, na papo hapo najizoeza kuonekana nimefanya. Nikiri kwamba katika hilo la pili nilikuwa nimepiga hatua kubwa.

Kwa hiyo daftari lipo, ila nimelichora upya. Lina safu mbili: nilichopewa na nilichotumia. Jumatatu, nimepewa 30, nimetumia 26, simu iliita. Naandika 26 na sipaki rangi. Malengo ya mwezi nimeyapunguza hadi moja, na lazima liwe la kusikia, si la kuhesabu. Agosti: kipimo cha 20, mkono wa kushoto peke yake, hadi Mwalimu akiweka kidole popote niweze kuingia. Rekodi ya mwisho wa mwezi nimeiacha kama ilivyokuwa. Ile haijui kusema uongo. Na jioni tumezigawa, tatu zangu na tatu zake.

Gharama yake ni kwamba nakwenda polepole. Minueti ambayo kwa mahesabu yangu ya zamani ningekuwa nimeimaliza Juni, hadi leo siipigi bila kusimama. Mwalimu anasema sasa nasimama mahali panapofaa. Sijajua kama ni sifa.

Mwezi huu ni Novemba, na mitihani ya bodi ni mwezi huu. Kwenye ukurasa wa Novemba sikuandika mapigo wala vipimo. Nimeandika: kinanda kifunikwe, chumba ni chake. Jioni sita zote. Ni mwezi wa kwanza tangu Januari ambao najua kabla haujaisha kwamba sitasogea.

Saa mbili usiku anaingia, anafunga mlango. Mimi nabaki kwenye kigoda na bakuli la uji, na mtoto ambaye ameamua leo hali. Kutoka ndani nasikia kurasa zikifunuliwa, na kikokotoo kikibonyezwa. Kuna wakati kunakuwa kimya kwa muda mrefu. Labda anafikiri, labda yuko kwenye simu. Siulizi.